Uvimbe hujulikana kwa damu yake: Tukome kupiga picha nusunusu

Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe ndani ya mwili, swali lake la kwanza aghalabu huwa, "Daktari, una ukubwa gani?" Ni swali la maana, lakini kuna lingine linalofaa kuulizwa mapema vilevile: uvimbe huo unapata damu kutoka wapi, na unaipata kwa kasi gani? Siku hizi jibu laweza kupatikana bila kumpasua mtu. Hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, kisha akapigwa picha mara kadhaa huku dawa ikipita. Mashine za kufanya kazi hiyo zimo katika miji yetu mikubwa. Linalosikitisha ni kwamba wagonjwa hulipa pesa nyingi, kisha wakarudi kwa daktari na bahasha kubwa yenye picha ambayo haiwezi kulijibu swali hilo.

Ni maoni yangu kwamba picha ya namna hiyo si akiba hata kidogo. Familia imeuza ng'ombe au imeitisha mchango, siku zimepita, na bado hakuna ajuaye kama uvimbe ni saratani au la. Wakati huo uvimbe haungoji. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukubwa na umbo la uvimbe ni mlango tu. Damu yake ndiyo nyumba yenyewe.

Njaa ya uvimbe

Mwaka wa 1971 daktari wa upasuaji wa mji wa Boston, Marekani, aitwaye Judah Folkman, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita moja au mbili hivi bila kujipatia mishipa yake ya damu. Ukiwa mdogo kama kichwa cha pini, hunyonya hewa na chakula kutoka sehemu zilizo jirani. Ukitaka kuwa mkubwa zaidi, sharti utoe kemikali za kuita mishipa iliyo karibu, nayo ichipuze matawi kuuelekea. Wanasayansi wengi wa wakati huo walimtilia shaka. Kufikia mwaka wa 1989 mojawapo ya kemikali hizo ilikuwa imetambuliwa na kupewa jina la VEGF, na mwaka wa 2004 Marekani ikaidhinisha bevacizumab, dawa ya saratani iliyotengenezwa mahsusi kuizuia kemikali hiyo.

Mishipa hii mipya haifanani na ile tuliyozaliwa nayo. Mkazi wa mjini ameona mabomba ya maji yaliyounganishwa usiku bila kibali. Yanapinda huku na huko, hapa membamba, pale mapana, na kila kiungo kinavuja. Mishipa ya uvimbe ni vivyo hivyo. Imejengwa kwa pupa, kuta zake zina matundu, na maji ya damu huvuja kuingia katika nyama iliyo kando. Kasoro hiyo ambayo ni balaa kwa mgonjwa ndiyo inayompa mtaalamu wa picha nafasi ya kuufichua uvimbe.

Dawa inayomulika

Katika eksirei ya kawaida mfupa huonekana vizuri kwa sababu una madini mengi yanayozuia miali. Damu, nyama na uvimbe hazina tofauti kubwa, kwa hivyo huonekana kama kivuli kimoja. Iodini huzuia miali ya eksirei, na ikitiwa ndani ya damu, mishipa hung'aa. Wazo hili si geni. Mwaka wa 1927, mjini Lisbon, Ureno, daktari Egas Moniz alidunga maji yenye iodini katika mishipa ipelekayo damu kichwani, akaweza kuona mahali ambapo uvimbe wa ubongo ulikuwa umeisukuma mishipa hiyo kando.

Leo skani ya CT hutumia dawa yenye iodini. Mashine ya MRI hutumia dawa yenye madini ya gadoliniamu, ambayo ya kwanza iliidhinishwa mwaka wa 1988. Hata ile mashine ya mawimbi ya sauti, inayojulikana sana na akina mama waja wazito, ina dawa yake. Hiyo ni maji yenye viputo vya gesi vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu.

Jambo ambalo halieleweki vyema ni umuhimu wa saa. Dawa haitiwi ili picha iwe nzuri tu. Hutiwa ili tuone inaingia lini, inajaa wapi, na inatoka lini. Kwa mfano, katika MRI ya titi picha hupigwa kabla ya sindano na mara kadhaa baadaye. Uvimbe wa saratani mara nyingi hung'aa upesi katika dakika mbili za kwanza kisha ukaanza kufifia, ilhali uvimbe usio na madhara mara nyingi hung'aa polepole na kuendelea kung'aa. Dalili hii si hakimu wa mwisho, na kwa titi bado kipande hukatwa kikapimwa, lakini humwambia daktari ni wapi pa kukata.

Mfano wa ini

Hakuna kiungo kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko ini, na sisi Wakenya tuna sababu ya kulijua vyema. Saratani ya ini hufuata sana homa ya ini aina ya B, pombe nyingi ya miaka mingi, na sumu ya aflatoksini inayotokana na ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Wasomaji watakumbuka mwaka wa 2004, wakati mahindi yenye sumu hiyo yaliposababisha vifo 125 kati ya wagonjwa 317, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Waliokufa waliuawa na sumu nyingi iliyoliwa kwa muda mfupi. Aliwaye kidogokidogo kwa miaka, hasa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, yumo katika hatari ya saratani. Chanjo ya homa hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wote wachanga nchini katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hivyo wengi wa watu wazima wa leo hawakuipata utotoni.

Sasa tazama jinsi damu inavyotoa siri. Ini lenye afya hupata kama robo tatu ya damu yake kutoka kwa mshipa mkubwa unaotoka utumboni, na robo tu kutoka kwa ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Saratani inayoanzia katika ini hufanya kinyume: hujilisha karibu kabisa kwa ateri. Dawa ikidungwa mkononi hufika kwanza kwa njia ya ateri. Kwa hivyo, takriban sekunde 35 baada ya sindano, saratani hung'aa ilhali sehemu nyingine ya ini bado ina giza. Ikifika sekunde 70 hivi, dawa imezunguka na kurudi kupitia utumbo, na ini zima linang'aa. Baada ya dakika tatu hadi tano, saratani imekwisha kuitoa dawa yake na huonekana nyeusi ndani ya ini jeupe.

Picha hizo tatu zikionekana hivyo kwa mtu mwenye ini lililokauka kwa makovu, au mwenye homa ya ini aina ya B ya muda mrefu, na uvimbe wenyewe umefika sentimita moja au zaidi, miongozo ya Marekani humruhusu daktari kutamka kuwa ni saratani bila kukata kipande cha nyama. Tangu 2011 Chuo cha Madaktari wa Picha cha Marekani kina utaratibu maalumu wa kuzisoma picha hizo, uitwao LI-RADS. Hili si jambo dogo. Kudunga ini lililokauka ili kutoa kipande kwaweza kuleta kuvuja kwa damu, na mara chache chembe za saratani hupandwa katika njia ya sindano. Kwa watu wasio na magonjwa hayo ya ini, kipande bado chahitajika.

Sindano hiyo hiyo huweza kuleta habari njema. Kuna uvimbe wa ini uitwao hemanjioma, ambao ni fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, na ndio uvimbe wa ini usio saratani unaopatikana kwa wingi zaidi. Wenyewe hung'aa kwa kuanzia ukingoni kisha ukajaa polepole kuelekea katikati. Akionyeshwa hivyo, mgonjwa aliyekuwa tayari ameandika wasia huenda nyumbani akaendelee na kazi zake.

Hasara ya nusu picha

Fikiria basi yanayotokea katika vituo vingine vya picha. Mgonjwa hufika na barua ya daktari yenye maneno mawili, "skani, tumbo". Haielezi kwamba ana homa ya ini aina ya B wala haisemi kinachotafutwa. Huulizwa kama ataongeza pesa za dawa, na kwa kuwa mfuko umekauka, hujibu hapana. Hupigwa picha bila dawa, ambamo saratani ya ini yaweza isionekane kabisa. Mwingine hulipia dawa lakini hupigwa picha moja tu, katika ile sekunde ya 70, wakati ambapo saratani na ini zaweza kung'aa sawa. Ripoti husema "hakuna kasoro" au "uvimbe usiojulikana, rudia". Wa kwanza hurudi nyumbani akiwa amedanganywa, na wa pili huanza kutafuta pesa upya.

Najua watakaosema kwamba nchi yenye wagonjwa wanaokosa dawa za maumivu haina budi kuridhika na picha rahisi. Nakubaliana nao kwamba si kila maumivu ya tumbo yanastahili skani. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B na aliye katika hatari ya saratani yafaa aanze kwa kupimwa kwa mawimbi ya sauti kila baada ya miezi sita, bila dawa yoyote ya kung'arisha. Lakini ikiisha kuonekana shaka, na skani ikaamuliwa, basi ifanywe ikamilike. Mashine ni ileile, umeme ni uleule, na mgonjwa yuko palepale juu ya kitanda. Kinachoongezeka ni dawa, dakika chache, na mtu anayejua kuhesabu sekunde.

Kuna faida nyingine ambayo huonekana baada ya matibabu kuanza. Dawa nyingi za kisasa haziupunguzi uvimbe haraka. Baadhi huunyima damu ukafa ukiwa na ukubwa uleule. Mwaka wa 2007 daktari Haesun Choi na wenzake wa Houston, Marekani, walionyesha kuhusu uvimbe fulani wa utumbo uitwao GIST kwamba kupungua kwa mng'ao wake katika skani hueleza mafanikio ya dawa ya imatinib vizuri kuliko kupimwa kwa ukubwa peke yake. Mwaka wa 2010 wataalamu wa saratani ya ini nao walitoa kanuni kwamba ipimwe ile sehemu tu ya uvimbe inayoendelea kung'aa, kwa kuwa ndiyo iliyo hai. Asiyefuata hili aweza kumwachisha mgonjwa dawa inayomfaa, au akamwendeleza na dawa ghali isiyomfaa kitu.

Hofu na ukweli

Wagonjwa wengine hukataa dawa hii kwa kuwa wamesikia kwamba huua. Tusiwafiche ukweli. Yapo madhara, lakini yana kipimo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka wa 1990, uliohusisha sindano zaidi ya 337,000, ulionyesha kuwa madhara makali yalitokea kwa watu 22 katika kila 10,000 waliopewa dawa za iodini za aina ya zamani, na 4 tu katika kila 10,000 waliopewa za aina mpya. Ndiyo maana yafaa kuuliza ni aina gani inayotumika, na kama chumbani mna daktari na dawa ya adrenalini.

Kuhisi joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kudhani umejikojolea ni mambo ya kawaida ambayo huisha upesi. Lakini ukipata vipele, kikohozi, kuvimba uso au shida ya kupumua, sema papo hapo. Aliyewahi kudhurika kwa dawa ya aina hii, au mwenye pumu, aeleze mapema. Wapo wanaoambiwa kuwa asiyepatana na kamba au samaki hawezi kudungwa iodini. Huo ni uvumi wa zamani. Mzio wa kamba hutokana na protini zake wala si iodini. Mama anyonyeshaye naye hahitaji kumwachisha mtoto.

Figo ndizo za kuangaliwa zaidi, maana ndizo zinazoitoa dawa mwilini. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo apimwe damu kwanza. Ikiwa uwezo wa figo umeshuka chini ya 30 katika kipimo hicho, daktari hana budi kupima upya faida na hatari, na anayemeza metfomini aelezwe wakati wa kuisimamisha. Gadoliniamu nayo haikosi lawama. Mwaka wa 2006 aina fulani zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu wenye figo mbovu, na mwaka wa 2017 Ulaya ilisimamisha matumizi ya baadhi yake kwa kuwa mabaki yalipatikana ubongoni. Aina zilizobaki kutumika huko zina hatari ndogo mno.

Wenye figo dhaifu wana tumaini katika vile viputo vya gesi. Havitolewi na figo bali kwa kupumua, havitumii miali, na hubaki ndani ya mishipa. Vimekuwa vikitumika Ulaya tangu 2001, na Marekani iliviidhinisha kwa uvimbe wa ini mwaka wa 2016. Mashine ya mawimbi ya sauti ni rahisi kuliko ya CT au MRI, ingawa si kila mashine yaweza kuvisoma viputo hivyo na yahitaji mtu aliyefunzwa. Nadhani hapa ndipo hospitali zetu za kaunti zingefaa kuelekeza macho.

Yanayopasa kufanywa

Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti, vikiwemo vya eksirei. Baadaye Seneti ilichunguza gharama za mpango huo, na mjadala ukawa wa mabilioni. Bei ni jambo la kuchunguzwa, lakini mashine haijui sekunde ya 35 ni ipi. Anayeijua ni mtu. Kila palipo na skani pawepo mpiga picha aliyefunzwa taratibu hizi, na pasipo na daktari wa kusoma picha, zitumwe kwa njia ya kompyuta kwa aliye Nairobi, Mombasa au Eldoret.

Madaktari nao waandike barua kamili: mgonjwa ana historia gani, figo zake zikoje, na swali lenyewe ni lipi. Barua isiyo na swali itarudi na ripoti isiyo na jibu.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ingetusaidia sana kwa kuweka sharti moja: skani ya uvimbe wa ini ihesabiwe kuwa imekamilika ikiwa tu ina zile picha zote, na kituo kilichofanya nusu kirudie kwa gharama yake chenyewe. Wanaolipia huduma wana nguvu ya kuirekebisha kuliko sisi tunaoandika magazetini.

Nawe msomaji, kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Je, picha yangu yahitaji dawa ya kung'arisha? Itapigwa mara ngapi baada ya sindano? Figo zangu zimepimwa? Nitapewa picha zote katika diski, wala si ripoti ya ukurasa mmoja tu? Kituo kinachofanya kazi yake vizuri hakitakasirika kwa kuulizwa. Kikikasirika, chukua barua yako na pesa zako uende kwingine.